Leso ni nguo au kitambaa cha kufutia jasho?

Mkwe Mgeni: Wakuu, nimeaibika. Mimi mtu wa Morogoro, nimeoa Mombasa. Juzi bibi yake mke wangu kanipigia: "Ukija niletee leso mbili, nyekundu." Nikanunua mbili, zile za mfukoni, nikazikunja vizuri kwenye bahasha. Alipofungua, mashemeji walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe alitaka kanga! Kanga imekuwaje ikaitwa leso?

Fundi wa Kibokoni: Pole shemeji, ila hukukosea, umechelewa tu miaka mia na kitu. Neno ni la Kireno, *lenço*, na maana yake ni hicho hicho kitambaa ulichompelekea bibi. Vilikuja vimechapwa kwenye jora, havijakatwa. Karne ya 19 ikielekea ukingoni, wanawake wa Unguja na Mombasa wakaacha kununua kimoja kimoja. Walikatiwa sita, vipande viwili vya vitatu vitatu, wakaviunga ubavu kwa ubavu, ikatoka shuka nzima ya kujifunga. Hiyo ndiyo leso ya kushona. Mie cherehani ndiyo kazi yangu, na kulinganisha maua kwenye mshono mrefu vile si mchezo! Wafanyabiashara walipoona, wakaagiza nguo iliyochapwa nzima, isiyo na mshono. Mshono ukaondoka, jina likabaki kwetu. Pita Biashara Street hapa Mombasa, duka la leso la Mali ya Abdulla lilianza 1887.

Babu wa Malindi, Unguja: Na kanga ni yule ndege. Husemwa chapa za mwanzo zilikuwa na madoa kama manyoya yake. Jina, yaani yale maandishi, halikuwapo tangu mwanzo, na lilipokuja liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Marehemu mama yangu alizisoma hizo tu. Zilipoenea za Kizungu, akawa hatoi pesa mpaka mmoja wetu amsomee, asije akajifunga matusi mbele ya mawifi.

Fundi wa Kibokoni: Shemeji, rudi umuulize bibi vizuri. Nyekundu huenda ni kisutu, ile ya harusi, yenye nyeupe na nyeusi ndani yake. Na "mbili" ni pande mbili, yaani doti moja, au doti mbili? Bei si moja hiyo.

Mkwe Mgeni: Nimeuliza. Kisutu, doti mbili. Zile za mfukoni kakataa kunirudishia, anafungia hela.