Kubota mtumba ya HP 24 au Massey 135: nichukue ipi?

Mwana_Ubaruku: Wakuu, habari za majukumu. Natafuta trekta dogo la mtumba. Nimeoneshwa Kubota kutoka Japani, HP (nguvu za farasi) 24, inavuta magurudumu yote manne, na Massey Ferguson 135 ya zamani. Bei zimekaribiana. Ipi itanifaa? Mwenye Kubota anataka jibu kabla ya Ijumaa.

Babu_Plau: Eka ngapi? Majaruba au nchi kavu? Fundi unaye? Unaomba dawa hujasema unaumwa wapi.

Mkulima_Kiteto: Massey, funga macho uchukue. Injini ya Perkins silinda tatu, mafundi wa vijijini wanaifungua chini ya mti. Hiyo Kubota hata vibandiko vyake ni Kijapani.

Dada_Mpunga: Kiteto mnalima mahindi, huku Mbarali ni tope. Massey 135 inavuta kwa nyuma tu, ikizama jarubani mtaitana kijiji kizima. Kubota ni nyepesi, unaifunga rotaveta ya kuvuruga udongo, inageuka hata kwenye jaruba dogo.

Nozeli: Dada, nyepesi sawa, lakini mimi yalinikuta. Dalali aliniletea moja rangi inang'aa, mita ya saa za kazi iko chini, ukiwasha inaitika papo hapo. Haikumaliza hata msimu, ekseli ya mbele ikaanza kulia. Fundi akafungua nati ya kumwagia oili upande wa kushoto: yakatangulia maji ya tope, ikafuata oili nyeupe kama uji. Sili za kuzuia maji zilishakufa kitambo, beringi zimeliwa, gia hazina meno. Kumbe matoleo ya soko la Japani spea zake nyingi hazioani na za Kubota zinazouzwa huku. Nikaagiza nje, nikangoja meli, wenzangu wanavuna. Dalali simu hapokei mpaka leo. Nenda na spana, fungua nati za pande zote mbili. Muuzaji akigoma, ondoka.

Mkulima_Kiteto: Si nilisema!

Dada_Mpunga: Usishangilie. Massey nazo haidroliki zinachoka. Inua plau, zima injini, piga soga kidogo. Ikishuka yenyewe, jua kuna sili au valvu imekwisha. Tena fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Moshi ukipumua kwa nguvu, ringi za pistoni zimekwisha hizo.

Mwana_Ubaruku: Asanteni. Ni eka 8 za mpunga. Nikimaliza zangu nitalimia watu kwa kukodisha, na kubeba mizigo kwa tela.

Babu_Plau: Sasa ndiyo unasema! Kukodisha ni habari nyingine kabisa. Dereva ni nani?

Mwana_Ubaruku: Shemeji yangu.

Nozeli: Dizeli utaitafuta kwa tochi.

Dada_Mpunga: Wapo mashemeji waaminifu. Mpimie lita kwa eka, yaishe.

Babu_Plau: Akikwambia udongo ulikuwa mgumu utambishia na wewe hukuwepo?

Mkulima_Kiteto: Mleta mada, hiyo Massey kama huichukui niambie ilipo.