Naomba ushauri: nisome Biblia mwenyewe au nishike mafundisho ya kanisa?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mwaka huu nimeanza kuisoma Biblia mwenyewe. Kwenye Kumbukumbu la Torati 14 nimekuta zaka (sehemu ya kumi ya mazao) ikiliwa na mtoaji na nyumba yake mbele za Bwana, na ya mwaka wa tatu ikiachiwa Walawi, wageni, yatima na wajane. Kanisani nimefundishwa Malaki 3:10 tu, kwamba zaka kamili iletwe ghalani. Nilimuuliza mchungaji, akanionya kwa 2 Petro 1:20 nisijifasirie. Lakini Waberoya wa Matendo 17:11 walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko, na aliyewahubiri ni Paulo! Ila yule towashi Mkushi wa Matendo 8 naye alihitaji Filipo amweleze andiko alilokuwa akisoma.

Mnapimaje kwamba mmeelewa sawasawa? Na mchungaji nimrudie vipi bila kuonekana muasi? Moyo wangu hauna amani.