Wakala wa safari hapa Malindi aturudishie pesa zetu za "barafu ya Mlima Kenya kwa siku moja"

Asalaam aleikum wanajamvi. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na asije mtu kuniambia nipoe.

Kuna wakala hapa mjini anauza safari ya kwenda kutazama barafu ya Mlima Kenya. Tangazo lasema mnaondoka Malindi jioni, kesho yake mnapanda, mnaiona barafu, usiku mko njiani kurudi. Bei ni pamoja na usafiri, chakula, mwongozaji na malazi. Sisi wa chama cha mtaani tukachanga, tukalipa. Hayo malazi yalikuwa viti vya basi.

Basi lilikesha barabarani. Kulipokucha tuko Naro Moru, mji ulio chini ya mlima, tukapakiwa gari jingine hadi Met Station, kambi ya mlimani iliyo mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Pale pana mabanda ya kulala. Yeyote anayeujua ule mlima atakwambia mgeni alale hapo walau usiku mmoja, mwili uzoee hewa nyepesi, ndipo apande. Sisi tuliteremshwa tukaambiwa twendeni. Watu waliokuwa wakipunga upepo wa bahari jana yake wanapelekwa bonde la Teleki, zaidi ya mita 4,000, ambako kila pumzi inakupa kama asilimia 60 tu ya oksijeni unayoipata hapa kwetu. Huko ni kuchezea roho za watu.

Na saa yenyewe! Tulianza kutembea saa nne asubuhi imeshapita. Vilele vya Batian na Nelion huwa wazi alfajiri na asubuhi mapema. Kuelekea adhuhuri, siku nyingi mawingu huvifunika. Na kabla hujafika mahali pa kuziona barafu za Lewis na Tyndall kuna mwendo wa saa kadhaa: kwanza msitu, kisha ule mwinuko wa matope na mafundo ya majani, kila hatua kiatu kinanyonywa. Mtu wa kazi hii hawezi kudai hakujua kwamba tutafika kumeshafungwa. Tulilipa kutazama barafu, tukaonyeshwa ukungu.

Picha ya tangazo nayo ni udanganyifu. Inaonyesha barafu nene imejaa bonde. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na haijaacha kuyeyuka. Ndiyo sababu tulitaka vijana wetu waione kabla haijaisha! Kuyeyuka kwake simlaumu wakala. Namlaumu kwa kubandika picha ya zamani na kuchukua pesa za leo.

Lakini linaloninyima usingizi ni la Shangazi. Ni mwalimu mstaafu, mtu mzima mwenye nguvu zake, kila siku hutembea kwa miguu hadi sokoni. Tulipotoka kwenye matope alianza kulalamika kichwa. Kisha akatapika. Mwongozaji akamwambia, "Kaza roho mama, mko karibu." Baada ya muda akawa anayumba, mguu haujui unakanyaga wapi. Jamani! Mtu akiyumba kwenye mwinuko kama ule si uchovu. Huenda ubongo unavimba, na dawa ya kwanza ni kumteremsha papo hapo, si maji wala glukosi. Nilimwambia mwongozaji tugeuke. Akakataa, kwa kuwa alikuwa peke yake na kundi zima, na wengine walikuwa wameshatangulia. Mwongozaji mmoja! Hakuna msaidizi wa kushuka na mgonjwa. Vijana wawili wetu ndio waliomshika mikono wakamteremsha, bila mtu wa kuwaonyesha njia, mvua inanyesha. Alhamdulillahi, kadiri walivyoshuka ndivyo alivyopata nafuu.

Nilipompigia wakala alinijibu kwamba watu wa Pwani tumezoea kukaa barazani, mlima hatuuwezi. Maneno hayo kuhusu mama wa watu aliyekaribia kufa mikononi mwake! Ugonjwa wa mwinuko haumchagui mvivu. Humkumba hata mwanariadha akipandishwa haraka, na kumpandisha mtu taratibu ni kazi ya yule aliyepokea pesa.

Nataka mambo mawili. Arudishe pesa ya malazi ambayo hayakuwepo, kwa kila mtu aliyelipa, na aende nyumbani kwa Shangazi amwombe radhi mbele ya wanawe. Risiti ninazo, na ujumbe wake wa simu ninao.

Juzi amebandika tangazo jipya, safari ni mwisho wa mwezi. Kama umeshalipa au una jamaa aliyelipa, muulizeni leo hii: usiku wa kwanza tunalala wapi, tunaanza kupanda saa ngapi, na waongozaji ni wangapi. Akijibu, bandikeni majibu yake hapa.