Darubini ya kwanza kwa laki tatu: nichukue hii ya "mara 675"?

BabaNeema (Manyoni)

Habari zenu wakuu. Jumapili ya 7 Septemba 2025 mwezi ulipopatwa tulikaa nje familia nzima. Kuanzia saa mbili na nusu usiku ulikuwa mwekundu wote, mpaka karibu saa nne, na jinsi ulivyofifia ndivyo nyota zilivyojaa. Huku Manyoni mbingu ilikuwa safi kabisa. Binti yangu Neema yuko darasa la sita, na tangu siku ile hatukai kula bila kuniuliza habari za pete za sayari ya Zohali. Nimemwahidi darubini.

Nina laki tatu, na haiongezeki. Kwenye simu nimeona moja ya laki mbili na themanini, boksi limeandikwa "mara 675". Nyingine ya bei hiyohiyo imeandikwa mara 140 tu. Mimi ni fundi pikipiki, mambo ya lenzi siyajui. Naona namba kubwa ndiyo bora, au? Wenye uzoefu nisaidieni kabla sijatuma hela.

MwlRehema (Iringa)

Baba Neema, usitume hela bado. Nakuandikia kwa kirefu kwa sababu hiyo ya 675 mimi ninayo. Niliinunua Mei 2019, na miezi miwili ya kwanza nilitaka kulia.

Kwanza hiyo namba. Wewe ni fundi pikipiki: spidomita inaweza kuandikwa 200, injini ikabaki ya sisi 125. Ukuzaji unapatikana kwa kugawanya urefu wa fokasi wa bomba (umbali kutoka lenzi ya mbele hadi pale mwanga unapokutana) kwa milimita zilizoandikwa kwenye lenzi ya jicho, yaani kile kilenzi kidogo unachochungulia. Bomba langu lina fokasi ya mm 900. Nikiweka lenzi ya mm 20 napata mara 45. Nikiweka ya mm 4 napata mara 225. Kwenye boksi wameweka pia lenzi ya Barlow, inayozidisha mara tatu, na hapo ndipo 675 inapotoka. Hesabu haina kosa. Tatizo ni kwamba lenzi ya mbele ina kipenyo cha mm 60 tu. Kwa kawaida chukua kipenyo hicho, zidisha kwa mbili, na huo ndio mwisho wa ukuzaji wenye faida: mara 120 kwa lenzi ya mm 60. Ukipita hapo picha inakua lakini hakuna kipya unachokiona. Na inafifia, kwa sababu kutoka mara 45 kwenda mara 225 mwanga uleule umetandazwa kwenye eneo kubwa mara 25.

Lakini kilichonitesa zaidi ni miguu. Ile stendi iliyokuja nayo ni bati jembamba. Ukigusa tu kifundo cha kufokasi, nyota inacheza kama kandili kwenye upepo. Juu ya hayo, dunia inazunguka: kwa lenzi ya mm 4 sayari inatoka kwenye duara la kuonea kabla ya dakika kuisha. Unaisogeza darubini, inatikisika, unasubiri itulie, ikitulia sayari imeshapita. Wanafunzi wangu walipanga foleni uani kwangu usiku wa baridi, nikawarudisha bwenini hawajaona kitu. Hilo lilinikaa moyoni.

Julai nikaenda kwa seremala wa Ipogolo nikamwomba anitengenezee miguu mitatu ya mninga, minene, yenye ubao wa kuiunganisha katikati. Chini ya ule ubao naning'iniza ndoo ya mchanga. Lenzi ya mm 4 na ile Barlow nikazifungia kabatini. Usiku uleule, bomba lilelile nililolilaumu, kwa mara 45, Zohali ilisimama tuli na pete zake zimeachana na sayari pande zote mbili. Mwanafunzi mmoja alikwenda kuangalia mbele ya bomba kama nimebandika picha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kagua miguu kabla ya kitu kingine chochote. Ukifika dukani, elekeza bomba kwenye kitu cha mbali, mnara au nguzo ya umeme, kisha ligonge kidogo kwa kidole huku unachungulia. Hesabu sekunde hadi picha itulie. Mbili ni nzuri. Ikipita nne, ama uiache, ama upunguziwe bei ili ukatengeneze miguu mwenyewe. Fundi kama wewe hiyo si kazi ngumu.

Kwa laki tatu ningetafuta moja kati ya mbili. Ya lenzi yenye kipenyo cha mm 70 na fokasi ya mm 700, iwe na lenzi za jicho za mm 20 au 25 na ya mm 10. Au ile fupi ya kioo, inayokusanya mwanga kwa kioo cha kuakisi badala ya lenzi, ya kuweka mezani, ya mm 76, ambayo haina miguu ya kutikisika. Hiyo ya "mara 140" uliyoiona nadhani ni ya mm 70, kwa sababu 70 mara mbili ndiyo 140. Muuzaji anayeandika hivyo angalau anakwambia ukweli. Ukiikuta, hakikisha mambo mawili. Mdomo wa kuwekea lenzi za jicho uwe wa inchi 1.25, maana ule mwembamba wa inchi 0.965 lenzi zake za akiba ni shida kupata. Na iwe na kiwiko cha kukunja njia ya mwanga. Sisi huku tuko nyuzi sita hadi nane tu kusini mwa ikweta, sayari zinapita karibu na utosi. Bila kiwiko utalala chini ya bomba shingo ikuume.

Mkikosa zote, nunua bainokula ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 na yenye lenzi za mbele za mm 50, hata ya mtumba ilimradi lenzi hazina kuvu. Pete hazitaonekana, lakini mashimo ya mwezi yataonekana, na Kilimia, lile fungu dogo la nyota, kitawafurahisha kuliko kwenye darubini yoyote, kwa sababu chote kinaenea kwenye duara moja. Babu zetu walikipimia misimu: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kuanzia Novemba kinakuwa juu jioni.

Jambo moja sitaki upite juu yake. Kama ndani ya boksi kuna kichujio kidogo cheusi kimeandikwa "SUN", cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, kivunje na ukitupe, Neema asikikute. Kinakaa mahali ambapo mwanga wote wa jua umekusanyika, kinapata moto, kinapasuka, na jicho liko nyuma yake. 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa kule Mbarali wakati wa kupatwa kwa jua kipete, jua linapobaki kama pete, nikaona watu wanataka kuelekeza vitu vya ajabu kwenye jua. Kichujio salama kinafunika mdomo wa mbele wa bomba, mwanga usiingie kabisa ukiwa mkali. Kama huna hicho, darubini isitoke nje mchana.

Na umwandae mtoto kuhusu Zohali. Tarehe 23 Machi mwaka huu wa 2025 dunia ilipita kwenye usawa wa pete, kwa hiyo kwa sasa tunaziona kwa ubavu. Zitaonekana kama sindano iliyochomwa katikati ya tufe. Hali hii hutokea kila baada ya miaka 15 hivi. Miaka inayokuja zitafunguka kidogo kidogo, mbele ya macho yake.

Ikweta_Nanyuki

Mwalimu amesema yote kuhusu miguu, mimi naongeza onyo moja. Usikubali kuuziwa stendi ya ikweta, ile yenye mkono wa chuma na uzito unaoning'inia upande. Jina linadanganya. Mimi niko Nanyuki, ikweta inapita hapa mjini, na ndiyo niliyoanza nayo.

Stendi hiyo inataka mhimili wake uelekee kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Ulaya ncha iko juu, mhimili unasimama vizuri. Huku kwetu ncha iko kwenye upeo wa macho, kwa hivyo mhimili unapaswa kulala kabisa. Yangu ilikataa kushuka chini ya nyuzi 20, na nilipoilazimisha, ule uzito ukawa unagonga mguu wa stendi. Nyota ya kaskazini ya kuilenga haionekani hapa, iko kwenye vumbi la upeo. Nilihangaika nayo karibu mwaka mzima. Sasa natumia ya kuinua na kuzungusha tu, juu-chini, kushoto-kulia. Ni rahisi na ni bei ya chini.

MzeeWaBububu (Maskati)

Assalam alaykum. Mimi kwetu Unguja, lakini nnaishi Maskati miaka mingi. Nna ya kioo ya mm 130, ya kuweka mezani, stendi yake ni ile ya mbao ya kuzungusha, ya mtindo aliouanzisha John Dobson. Najua bei yake imekupita, nakutajia ili ujue ya kuwekea akiba baadaye: inakusanya mwanga zaidi ya mara nne na nusu ya ile ya mm 60. Kila nikienda nyumbani naichukua, kioo nakifungia kwenye nguo katikati ya begi.

Nakwambia sababu ya kuichukua. Mwezi wa Mei, Omega Centauri, lile fungu kubwa la nyota la kusini, hapa Maskati liko chini karibu na vumbi la jangwa. Unguja linapanda hadi nusu ya mbingu. Mara ya kwanza kuliona nikiwa Bububu nilimwamsha dada yangu. Ni kama chumvi iliyomwagika juu ya kitambaa cheusi, na kila punje inang'aa. Nyinyi mnalo bure juu ya paa, wallahi.

Ila pwani ina adui, unyevu. Niliacha lenzi zangu kwa dada msimu mmoja wa masika, zikaota kuvu, mbili hazikufaa tena. Ukimaliza kutazama usifunike darubini ikiwa na umande. Iache ndani ikauke kwanza. Vile vifuko vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe, vitie kwenye mfuko wa lenzi. Na vumbi usilifute kwa kanga wala shati. Puliza kwa kile kipira cha kupulizia. Vumbi kidogo haliharibu picha, mikwaruzo ndiyo inaharibu.

BabaNeema (Manyoni)

Wakuu, narudi na majibu. Ijumaa nilipanda basi hadi Dodoma. Nikaikuta ya mm 70, fokasi 700, kiwiko kipo, mdomo inchi 1.25, lenzi za mm 20 na mm 10. Nikaielekeza kwenye mnara wa simu nikaigonga kama mwalimu alivyosema. Nikahesabu hadi saba. Muuzaji alinishangaa. Nikamwonyesha na yeye achungulie, nikagonga tena, akaona. Akaniachia kwa laki mbili na kumi.

Miguu nimeitengeneza mwenyewe kwa mabomba ya chuma ya square, nimechomelea, ndani nimejaza mchanga. Sasa nagonga nahesabu moja, mbili, imetulia. Kile kichujio cha SUN kilikuwepo. Nimekiponda kwa nyundo, Neema akiwa anaona, nikamweleza kwa nini.

Jana, Jumatatu tarehe 29, mwezi ulikuwa nusu. Sikujua kama kwenye ule mstari wa giza na mwanga milima inatoa vivuli hivyo. Jirani zetu walikuja na viti. Bibi yake Neema ana miaka sabini na kitu, alichungulia muda mrefu halafu akauliza kama huko kuna mvua.

Halafu Zohali, kwa lenzi ya mm 10. Neema akasema, "Baba, mbona imechomwa kijiti?" Nikajua ndiyo yenyewe. Maswali yangu mawili: pembeni yake kuna nukta moja, ni nini? Na mbona mwezi umegeuka, upande wa kulia umekuja kushoto?

MwlRehema (Iringa)

Nimesoma hii nikiwa ofisini, nimewasomea na walimu wenzangu.

Kugeuka kunasababishwa na kioo kilicho ndani ya kiwiko, kinafanya kama kioo cha kujitazamia. Darubini yako ni nzima. Neema akichora, aandike juu ya karatasi "kushoto na kulia vimebadilishana", asichanganyikiwe baadaye.

Ile nukta, kama iko kwenye mstari uleule wa kijiti, huenda ni Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Ataijua kwa kuchora: leo aweke nukta mahali alipoiona, kesho saa ileile achore tena, na keshokutwa. Nyota ya kawaida itaachwa nyuma. Titan itaifuata sayari, itahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na baada ya siku 16 itakuwa imerudi karibu na ilipoanzia. Atumie penseli, na atazame kwa lenzi ya mm 20 kwanza, ndipo aweke ya mm 10.