Uliyeninyang'anya maiki jana ukumbini, jibu langu hili hapa

Mwanakimbweta ameandika:

Salamu sina. Naandika huku mikono inatetemeka, chakula hakipiti tangu jana.

Tuliosoma na tunaosoma vyuo vya nchi hii wote tunamjua. Yule mhamasishaji wa viatu vilivyochongoka, wa "amka saa kumi alfajiri", anayezunguka vyuoni kila wanafunzi wa mwaka wa tatu wakikaribia kuvaa joho. Simtaji na hamhitaji nimtaje, sura yake imebandikwa mpaka kwenye mlango wa choo cha bweni letu.

Tuliitwa kongamano la ajira. Tangazo lilisema waajiri watakuwepo. Waajiri gani? Nje tulikuta meza mbili, moja ya kusajili laini za simu, nyingine ya kitabu chake, elfu ishirini. Tukaingia hivyo hivyo. Ukumbi umejaa hadi madirishani, feni zimekufa, saa tatu aliyotuambia ikawa saa tano, na alipofika tukasimamishwa kumpigia makofi kama kaleta mvua.

Akaanza kupita katikati ya viti na maiki yake: "Wewe unasoma nini?" Kompyuta, makofi. Uhasibu, makofi. Akanifikia. Nikasimama nikasema bila kumung'unya maneno: Kiswahili na Historia. Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwani, akawageukia watu: "Kwani huyu alipokuja chuo alikuwa haongei Kiswahili?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mhadhiri wetu mmoja nilimwona anaficha meno nyuma ya ratiba.

Haya, chekeni. Kilichoniua si kicheko. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu, na jibu nilikuwa nalo, akaninyang'anya maiki! Hakuiomba. Aliivuta vidole vyangu bado vimeishika, akahamia kwa kijana wa takwimu. Sasa mtu unauliza swali halafu unaondoka na maiki, uliuliza ili iweje?

Ulitaka jibu? Nilikuwa naongea Kiswahili, ndiyo. Na wewe ulihesabu hela ya maandazi tangu chekechea, mbona mwenye uhasibu ulimpigia makofi? Lugha hiyo unayoifanyia kichekesho ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 2019, Umoja wa Afrika ukaiingiza kwenye lugha zake za kazi 2022, UNESCO wakaitengea tarehe 7 Julai. Mikutano ya wakubwa hao ina wakalimani, na wakalimani wamesoma, hawakuokotwa stendi. Mwalimu Nyerere alisoma sanaa Edinburgh, akahitimu 1952, akarudi kufundisha Pugu. Mzee Mkapa alisoma Kiingereza Makerere. Hao nao ungewanyang'anya maiki?

Na nyuma yake ukutani, herufi ndefu kuliko mlango, projekta inaonyesha: JIAJILI. Kwa L. Saa mbili nzima iko pale, watu mia kadhaa wanaitazama, naye anaipigia mstari kwa taa nyekundu. Mtu mmoja tu aliyesoma Kiswahili kwenye timu yake angemstiri. Nafasi hiyo ya kazi ilikuwa mbele ya macho yake, imeandikwa ukutani na yeye mwenyewe.

Kuhusu ajira tutabishana siku nyingine. Leo nazungumzia maiki. Nimelala naiona, nimeamka naiona. Jioni mama kanipigia kuuliza kongamano limekwendaje, nikamwambia zuri, mama, waajiri walikuwepo.

Mzee wa Mabibo:
Gazeti zima hili. Kwa faida ya wenye haraka: jamaa alichukua maiki yake akaendelea na kazi.

Mwanakimbweta:
Maiki ni ya ukumbi. Ukumbi tunaulipia ada.

Kipara wa Kinyerezi:
Weka picha ya hiyo JIAJILI. Bila picha hii ni chai, tena ya rangi.

Shuhuda wa Dirishani:
Si chai wakuu. Nilikuwepo, nimening'inia dirishani upande wa maegesho. Alimnyang'anya kweli, na JIAJILI niliiona. Ila dada nikuambie ukweli, hata mimi nilicheka.

Mwanakimbweta:
Ulicheka nini?

Shuhuda wa Dirishani:
Sijui. Watu walicheka.

Binti Kisarawe:
Pole mdogo wangu. Mwaka wetu alikuja huyo huyo na viatu hivyo hivyo. Mwenzetu wa Falsafa alisimamishwa akaambiwa awaze atakula nini usiku. Akakaa chini akalia. Leo yule dada ni afisa maendeleo wa kata, na huyu bado anauza kitabu mlangoni.

Mzee wa Mabibo:
Punguzeni makasiriko. Mtu kasema ukweli mchungu. Ukifuta machozi, soko la ajira bado linauliza unajua kufanya nini.

Mwanakimbweta:
Ndiyo maana nilitaka kujibu! Maiki iko wapi?

Sele wa Tegeta:
Naunga mkono hoja. Nina digrii ya Historia, napiga boda. Na kwa kuwa wanachuo mko humu, acheni tabia yenu. Mtu anapanda kutoka stendi, tukifika getini, "kaka nakutumia kwenye simu", anaingia ndani, kwisha habari. Walinzi hawaniruhusu kumfuata. Msomi mwenzangu ananidhulumu buku mbili!

Kipara wa Kinyerezi:
Sele umenikumbusha, kuna mmoja ananidai mimi nimtumie. Ndiye wewe?

Sele wa Tegeta:
Una begi la bluu?

Daktari wa Mtaani:
Watu wa sanaa mnalia mnadhani mko peke yenu. Mimi nilisoma PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), nikasoma udaktari, mafunzo ya vitendo ya baada ya chuo nikamaliza, leseni ninayo. Nauza kwenye duka la shemeji. Mchana nauza unga, jioni wamama wa mtaa wananiletea watoto niwapime homa bure. Nilipochagua sayansi ukoo mzima ulisema huyu hatateseka.

Binti Kisarawe:
Daktari, mwanangu ana vipele shingoni tangu Jumapili, vinamuwasha sana usiku. Ni joto?

Daktari wa Mtaani:
Mnaona sasa.

Mkongwe wa Uwanja:
Vijana nyie mmeanza kuteseka juzi. 2014 nilikuwa Uwanja wa Taifa kwenye usaili wa Uhamiaji, nafasi 70, tuliofika tulizidi elfu kumi. Nilikaa jukwaani kati ya mhandisi na mwanasheria. Hakuna aliyeuliza nani kasoma Kiswahili, wote jua lilituchoma sawasawa.

Ticha Asiye na Kituo:
Zamani ukimaliza ualimu unapangiwa kituo, unabeba godoro unakwenda. Siku hizi mwalimu anafanya usaili wa kuandika, akipita anaitwa wa mahojiano, halafu anasubiri. Huku mtaani shule za binafsi zinajua tuna njaa, wanakupa laki mbili, vipindi thelathini kwa wiki, na Jumamosi usimamie usafi. Ukiuliza mkataba, mkurugenzi anakuambia wenzako wako getini. Na kweli wako getini, niliwaona na bahasha zao za kaki.

Mwanakimbweta:
Ticha pole sana, lakini tunatoka nje ya mada.

Ticha Asiye na Kituo:
Mada ni ajira, bibie.

Mwanakimbweta:
Mada ni MAIKI.

Ng'wanamalundi Jr:
Mimi naomba muiache L. Kwetu L na R zinapokezana na tunaelewana vizuri tu. Mtu kujenga nyumba tatu kwa kusema "jiajili" kuna ubaya gani? Nyie wa R mmejenga ngapi?

Mzee wa Mabibo:
Hahaha, uzi umefungwa.

Mwanakimbweta:
Haujafungwa. Kuongea ongea utakavyo, babu yangu mwenyewe anasema "kura chakura" na namheshimu. Huyu kaandika ukutani, kalipwa, halafu kamcheka mtu aliyekuja kujifunza kuandika.

Kipchumba wa Eldoret:
Hamjambo kutoka Kenya. Afadhali nyinyi. Huku kwetu tangu 2023 wanafunzi wa vyuo wanawekwa kwa bendi za ufadhili, unaambiwa familia yako inajiweza, na mzazi wako ana ng'ombe wawili pekee. Nilisomea Fasihi na Isimu, sasa nauza mitumba.

Kipara wa Kinyerezi:
Nyie msiseme kitu. Nyie ndio mnachukua nafasi za kufundisha Kiswahili Marekani, na Kiswahili chenyewe mmekopa kwetu.

Kipchumba wa Eldoret:
Ndugu, tuma maombi. Mpango wa Fulbright wa walimu wa lugha unachukua Watanzania pia. Sisi hujaza fomu, nyinyi hujaza mitandao mkitulaumu.

Binti Kisarawe:
Hapo katupiga na kitu kizito.

Mkongwe wa Uwanja:
Na mkipata hizo kazi msifurahi mapema. Makato ya mkopo wa chuo ni 15% ya mshahara, unaukuta umeshakatwa. Zamani ilikuwa 8%.

Ticha Asiye na Kituo:
Angalau ile 6% ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Deni la kaka yangu lilikuwa linapanda kila akilipa.

Sele wa Tegeta:
Mimi bado sijaanza kulipa. Wakanitafute kijiweni.

Mwanakimbweta:
Jamani. Kuna yeyote mwenye namba ya walioandaa lile kongamano? Nataka wamwite tena, wanipe dakika mbili tu mbele ya watu wale wale, nimjibu nikiwa nimeshika maiki. Siombi radhi yake. Nataka wale waliocheka wasikie jibu.

Shuhuda wa Dirishani:
Nitakuja, safari hii nikae ndani.

Mama Wawili:
Samahani wakuu kuingilia. Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, ana divisheni two. Shule kapangiwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), baba anataka abadilishe aende EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu). Tahasusi, yaani michepuo hiyo ya masomo, sasa hivi ziko nyingi, wanasema 65, tumechanganyikiwa. Mnashauri nini?

Mzee wa Mabibo:
EGM. Asipoteze muda.

Daktari wa Mtaani:
Asije sayansi kwa kuambiwa ina ajira. Mmenisikia hapo juu.

Mwanakimbweta:
Muulizeni mwenyewe anapenda nini! Na huyu naye asinyang'anywe maiki!

Kipara wa Kinyerezi:
Hesabu kapata ngapi?

Mama Wawili:
F. Kiswahili na Historia ana A.

Mzee wa Mabibo:
Baba yake ameyaona hayo matokeo?

Mama Wawili:
Ameyaona. Anasema F ya hesabu ni uvivu, atapigwa tuisheni.