Mrejesho: modeli ya stesheni ya Mombo, reli ya Tanga

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza namna ya kutengeneza stesheni ya Mombo, ambako reli ya Tanga ilifika mwaka 1905, kwa kipimo cha 1:87 (yaani ndogo mara 87 kuliko halisi), kwani injini yangu ilikuwa ikiteleza kwenye mwinuko. Nawashukuru nyote.

Aliyenishauri nipunguze mwinuko kutoka asilimia 4 hadi 2 alikuwa sahihi: sasa injini inavuta mabehewa matano bila kusita. Reli yenye upana wa milimita 12 nayo imenifaa, kwa kuwa njia halisi ina upana wa mita 1.

Kwa kokoto za kati ya reli nilitumia mchanga uliochekechwa, nikaudondoshea gundi ya mbao iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo, ambayo huifanya ipenye badala ya kusimama juu kama matone ya umande. Ulishika vizuri, ila kwa haraka zangu gundi iliingia kwenye kigeuza njia (kinachohamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine), ulimi wake, yaani reli inayosogea, ukaganda, na sikuweza kuuokoa, nimeagiza kingine. Milima ya Usambara ya magazeti na plasta imepasuka pembeni, nami nimezificha nyufa kwa vichaka.