Ushauri: albamu yangu ya dub imeisha ila besi inanitoa usingizi

FundiMwangwi: Wakuu habari za jioni. Mimi ni produsa wa chumbani tu hapa Arusha, nimetengeneza albamu ya dub peke yangu, yaani rege iliyoondolewa sauti za waimbaji, besi ndo kila kitu. Sasa jamaa wa mastaringi, yule anayeweka sauti sawa mwishoni kabla ya kuchapa santuri, kasema besi imezidi, nipunguze la sivyo santuri haitatoka vizuri. Nikipunguza naua mzigo wote. Nifanyeje?

BabuSpika: Usipunguze kijana. Besi iweke mono, yaani sauti moja ya katikati, ikitawanyika kushoto kulia sindano inaruka. Na upande mmoja usizidi sana dakika 20, ukijaza sauti inashuka.

Kachumbari: Mimi dub nimeisikilizia kwenye simu nikaambulia tsi tsi tsi 😂

RastaMatofali: King Tubby, mwasisi wa dub, alianza kama fundi wa redio na ampu pale Kingston, Jamaika, mtu wa kuchomelea nyaya kabisa, ndo akaja kuwaondoa waimbaji akabakiza besi na dramu. Mi nilichonga spika zangu mbili nikawasha siku moja tu, vikombe vya mama mwenye nyumba vikadondoka kabatini nikapewa notisi. Saa hizi nafyatua matofali.

Mpemba_Baridi: Mleta mada, "peke yangu" maana yake besi umepiga wewe?

FundiMwangwi: Mkuu hilo si mada.

Mpemba_Baridi: Ndo mada yenyewe. Jibu.

FundiMwangwi: Kuna jamaa alipiga, ngoma zote, mpaka vidole vikachubuka. Nilimpa msosi na nauli ya Usa River. Ila kukata, kuweka mwangwi, yote mimi, na kava limeshachorwa lina jina langu tu, advansi ya santuri nimetuma. Kwani Tubby alipiga besi?

Mpemba_Baridi: Hakupiga, ila ile albamu ya King Tubbys Meets Rockers Uptown ya 1976 kila mtu anajua besi ni kina Robbie Shakespeare na Aston Barrett.

Kachumbari: Barrett, mpiga besi wa Bob Marley, si ndo alidai mirabaha ya mapaundi milioni 60 mahakamani London 2006 akatoka kapa? Mleta mada upo salama.

Mpemba_Baridi: Alishindwa kwa sababu alishasaini makubaliano 1994 akalipwa. Huyu wa Usa River kasaini wapi?

FundiMwangwi: Tuliongea tu, ni mshikaji.

DadaSalama: Jasho la mtu hilo kaka angu, mtafute umuombe radhi.

Njiti: Chai hii. Produsa gani anakumbuka vidole vya mpiga besi? Wewe ndo mpiga besi, unajifanya produsa ili tukwambie ukadai.

FundiMwangwi: Acha ujinga, mimi ndo produsa.

RastaMatofali: Aisee na mimi nilihisi 😂 nauli kaitaja kama inamuuma.

BabuSpika: Awe nani awe nani, besi asiguse.

Njiti: Weka picha ya kava.

FundiMwangwi: Liko kwa mchoraji.

Njiti: Si limeshachorwa?